Kamusi kuukuu zitolewe maktabani? Mimi nasema zibaki

Mwanzisha mada, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam alaykum jamaa. Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua mwanangu shuleni, hapa hapa kisiwani, nikakuta maboksi matatu mlangoni mwa maktaba. Kamusi. Moja ni ile ya Johnson ya 1939, jalada limeng'oka na mchwa wameshaionja pembeni. Mwalimu akanambia zinakwenda kwa muuza njugu, azifungie. Eti maana zake za magonjwa na mitambo zimepitwa na wakati, zinawapoteza watoto. Niliomba boksi moja nikapewa, lakini swali nalileta kwenu: maana ya kale ya neno la tiba au la ufundi ifutwe au ibaki?

Mimi nasema ibaki, na sababu yangu ni ami yangu.

Mwaka jana alikwenda zahanati, mzee wa miaka 70 na kitu, aibu imemjaa. Daktari kijana, mtu wa bara, akamuuliza ana tatizo gani. Ami akasema, "Nina mshipa." Kijana akamfunga mkono kwa mashine ya presha, akapima, akammulika tochi machoni, akamkagua mishipa ya miguu. Presha safi. Akampa vidonge vya maumivu. Mimi nimekaa benchi la nje, namwona ami anatoka anatembea kwa kutanua miguu, kikoi kakishika kwa mbele.

Huku Pwani mwanamume mtu mzima akisema ana mshipa, anasema ana busha. Hata kule Kwale neno ni hilo. Kamusi za kale zimeliweka wazi: mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni ukano, na ni ugonjwa huo pia. Lau yule kijana angaliwahi kuuona ukurasa ule!

Muuguzi, Likoni

Pole kwa ami. Lakini kaka, mgonjwa hapimwi kwa kamusi. Angeambiwa avue kikoi, mambo yangeonekana. Mimi niko na mwalimu, kwa sababu hizo maana za kale napambana nazo kila siku.

Chukua safura. Neno ni la Kiarabu, asili yake ni umanjano, nyongo ya manjano. Katika tiba ile ya Wayunani waliyoirithi Waarabu, mwili una vinne: damu, belghamu, safura na sauda. Sisi leo tukisema safura twamaanisha ugonjwa wa minyoo wanaonyonya damu utumboni mpaka mtu anapauka. Sasa mama analeta mtoto, macho manjano kama bizari, ini ndilo gonjwa. Kwenye duka la dawa alisema mtoto ana safura, akauziwa dawa ya minyoo. Siku nne zimepotea.

Na baridi yabisi je? Yabisi ni kavu. Jina lenyewe ni nadharia nzima, kwamba viungo vimeingiwa na baridi na ukavu. Ndiyo maana nina bibi mmoja anajifunika blanketi mbili, Mombasa hii, mwezi wa Januari!

Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, kamusi yake ikachapishwa 1882. Daktari Ross, Mwingereza, hakuthibitisha habari ya mbu na malaria mpaka 1897. Sasa huyo Krapf atanifundisha nini kuhusu homa?

Mwanzisha mada

Dada, hiyo ya safura umenishika, sibishi. Ila nikuulize: yule mama aliisoma kamusi gani? Hakusoma yoyote. Maana ya kale ameipata kwa mamake, na mamake kwa nyanyake. Ukiifuta kitabuni, kinywani mwake haitoki. Atakayebaki gizani ni wewe uliyekaa upande wa pili wa meza. Simtaki Krapf anifundishe homa, nataka anambie mgonjwa anasema nini.

Fundi, Changamwe

Niongeze ya gereji kidogo. Mtambo kwa wazee ni ile springi ya mtego au ya bunduki, kitu kilichobanwa kikisubiri kufyatuka. Leo mtambo ni kile kituo cha umeme cha Kipevu kizima, na moshi wake. Bomba Wareno walituachia likiwa la kuvuta maji. Leo fundi bomba analaza paipu, na vijana wakisema kitu ni bomba wana maana kizuri. Hakuna aliyekufa.

Lakini kuna mzee alinipigia, "Njoo, usukani umelegea." Nikabeba spana, grisi, na jeki juu. Kufika ufukweni naoneshwa jahazi limepwelewa, na usukani ni ule ubao wa nyuma kwenye tezi. Sisi gereji twasema stelingi. Usukani wa gari ni wa watangazaji wa redio. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nauli yangu hakurudisha.

Mimi nasema maana ziwekwe zote, ila ile ya kale ipigwe alama kwamba ni ya zamani.

Mwalimu (si yule wa maboksi), Kisauni

Nyinyi mwasema kama watu wazima. Mtoto wangu darasani akiandika mshipa ni neva, nampa sifuri, maana somo linataka ateri, vena na neva kila moja mahali pake. Anayelia hapo ni mtoto.

Hata hivyo kuziuza kwa muuza njugu sikubali. Kamusi ya Krapf imejaa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Mwaka 1928 walikutana papa hapa Mombasa wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hebu fikiria, uamuzi umefanywa nyumbani kwetu na lugha yetu ikaachwa nje ya mlango. Tukizitupa na hizo kamusi, itakuwa sasa tunajitoa wenyewe. Ziwekwe rafu ya juu, za walimu.

Mwanzisha mada

Rafu ya juu nakubali, kwa shingo upande. Alama ya fundi nayo naikubali kwa safura. Kwa mshipa siikubali: ni ya zamani vipi, na ami yuko hai?

Muuguzi, Likoni

Haya, hapo sina jibu la haraka. Lakini ami mwenyewe je? Mlimrudisha?

Mwanzisha mada

Tulimpeleka kwingine, safari hii nikaingia naye, nikasema mimi "busha" kwa sauti, yeye akatazama ukutani. Alipasuliwa. Ijumaa iliyopita kaenda msikitini na suruali.