Sampuli za pafyumu na ukavu wa Dodoma: utajuaje harufu inakufaa?

Nkuhungu_Juu
Wakuu, habari za jioni. Nina sampuli nne: mbili za kupuliza za ml 2, mbili za mafuta ya kupima (pafyumu ya mafuta inayouzwa kwa kipimo). Dukani zote zinanukia vizuri, ila kabla ya mchana harufu imebadilika au imepotea kabisa. Nataka kununua chupa kubwa moja na sitaki kutupa hela. Nizijaribuje?

MpendaUdi
Mkuu, siku moja harufu moja. Ukipaka mbili, ukifika mchana hujui ipi ni ipi.

Oga, kausha mwili, halafu jipake mafuta ya mgando yasiyo na harufu pale utakapopuliza. Kwa Dodoma hatua hii usiiruke. Kiangazi hewa ni kavu na upepo haukatiki, na ngozi iliyopauka haishiki harufu vizuri. Wengine wanaodai pafyumu ni feki shida yao huwa ni hiyo tu.

Puliza mara mbili, kwa umbali wa sentimita 15 hivi: kifundo cha mkono na ndani ya kiwiko. Usisugue. Acha spiriti iruke kwanza, ndiyo unuse.

Ukipuliza saa 2 asubuhi, nusa saa 2 na nusu, saa 5, na saa 10 jioni, na kila mara uandike maneno mawili matatu. Ndimu, chungwa na mengine mepesi huondoka mapema sana, na ndiyo yanayouza dukani. Yakiondoka yanafuata maua na viungo. Jioni hubaki sandali, miski, vanila, udi. Hiyo ya saa 10 ndiyo utakayoishi nayo, kwa hiyo kama huipendi, usinunue hata kama ya asubuhi ilikuvutia.

Bibi_Manukato
Niongezee kwenye mafuta ya kupima. Hayana spiriti, hivyo hufunguka taratibu na hayasambai mbali. Usiyahukumu ndani ya nusu saa. Tone moja linatosha vifundo vyote viwili vya mikono, kwenye mishipa, na lisiguse kanzu au shati jeupe, litaacha doa.

Kabla ya yote paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri saa 24. Ikiwasha au ikitoa vipele, achana nayo. Na yenye mafuta asilia ya jamii ya ndimu usiipake sehemu inayopigwa na jua, baadhi huacha mabaka meusi.

Nkuhungu_Juu
Shukrani sana. Vipi kunusa kahawa kati ya harufu na harufu? Na nikipuliza kwenye shati badala ya ngozi?

MpendaUdi
Kahawa ni harufu nyingine tu unayoiongezea pua. Toka nje upate hewa. Pua pia huzoea, hasa miski, kwa hiyo ukiona imepotea muulize aliyekaa mita moja kutoka kwako kabla hujakata tamaa.

Shati hutunza harufu muda mrefu, lakini halikuonyeshi ngozi yako inaigeuza vipi. Litumie kupimia kudumu tu.

Sampuli itakayoshinda irudie siku ya jua kali. Vanila nzito iliyokupendeza usiku wa baridi wa Julai inaweza kukukaba ndani ya daladala mwezi Novemba. Vichupa usiviache dirishani wala kwenye gari. Joto huharibu harufu, na hapo utakuwa unapima kitu kingine kabisa.