MJADALA: Mwani unakufa kwa joto, pesa ziende kwenye utafiti au kwenye boti?

Wadau habari zenu. Mimi ni wa Jambiani, kwetu na Paje ndo mwani wa biashara ulianzia hapa Unguja mwaka 1989, na ada yangu ya shule imetoka kwenye kamba za mwani za mama. Juzi jamaa kanambia utafiti wa tabianchi baharini ni ulaji tu, maji yamepata moto kila mtu anajua, sasa wanapima nini tena, hela wapewe kinamama wanunue boti walime maji makubwa, kwenye kina.

Namkatalia. Kotonii, aina moja ya mwani, ndo ilikuwa na bei nzuri, sasa unateremka bamvua, bahari ikikupwa sana, unakuta matawi yamekuwa meupe kama yamechemshwa, ukishika yanakukatikia mkononi. Kijijini wengine wakasema hasadi, wengine maji machafu ya hoteli. Watafiti ndo walioleta vipimo: bahari ikikupwa mchana maji yanabaki ya magotini, jua linayapiga yanapita digrii 30, mwani unachoka halafu vijidudu vinamalizia. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, inastahamili kidogo ndo maana ipo mpaka leo, ila bei yake mnaijua wenyewe. Sasa bila vipimo hiyo boti utaipeleka kina gani?

Kinachoniudhi ni kingine, waliwahi kuja kwenye shamba la mama na daftari, wakauliza weee, wakachukua na mwani kwenye mfuko, hatujawaona tena.

---

Dada hapo kwenye daftari tuko pamoja, ila boti usiidharau. Mamdogo wangu kalima miaka ishirini na hajui kuogelea, yeye maji mwisho kifuani. Maji makubwa maana yake chombo, nahodha, mafuta, na hela ikishakuwa nzuri tu utaona wanaume wanakumbuka kuwa mwani ni kazi. Mie nasema boti KWANZA, na wafundishwe kuogelea, kina wataupata wenyewe kwa kujaribu.

---

Kujaribu kwa hasara ya nani bwana? Mie natembeza wageni kwenye miamba. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka Bahari ya Hindi yote hii, 2016 tena. Tunajua mwamba upi umerudi na upi umekufa moja kwa moja kwa sababu kuna watu walikuwa wanazama kuhesabu KABLA. Ukishasubiri liharibike huna cha kulinganisha.

---

Mleta mada narudi. Wa boti, hapo kwa mamdogo umenishika, mama yangu naye haogelei. Basi tuseme hivi, kipimajoto chenyewe si kitu cha ajabu, kifungwe kwenye kigingi, mama anashuka kila bamvua anasoma anaandika, daftari libaki KWAKE na mtafiti aje kunakili. Nani atapinga hilo na kwa nini?