Risasi zisizoisha zimewekwa kwenye faili yangu ya gemu bila kuulizwa. Nimechoka!

Ndugu zangu wa Lubumbashi na wengine wote mtakaosoma, leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, si mbali na soko, kuna chumba cha gemu chenye kompyuta nne. Jina lake silitaji. Kwa wiki tano nimekuwa nikienda pale Jumatano na Jumamosi, saa moja moja, kwa faranga ninazoweka kando baada ya kumsaidia mama kuuza makala, yaani makaa ya kupikia. Nacheza Resident Evil 2, ile iliyotengenezwa upya mwaka 2019, ambamo polisi Leon anajiokoa na mazombi ndani ya kituo cha polisi, tena kwa ugumu mkali unaoitwa Hardcore. Anayeujua anaelewa nasema nini. Gemu haikusevii, yaani haikuhifadhii ulipofika. Lazima ufike mwenyewe kwenye mashine ya kupiga chapa iliyomo ndani ya gemu, na kila ukisevu unatumia utepe mmoja wa wino. Hizo tepe ni za kuokota, tena za kuhesabu. Saa uliyolipia ikiisha kabla hujaifikia mashine, au umeme ukikatika, ulichokifanya chote kimekwenda. Mimi nimepoteza saa tatu nzima namna hiyo na sikumlaumu mtu.

Jumatano niliacha faili yangu hivi: risasi 22 za bastola, 9 za shotgani, tepe 3, kisu kinachokaribia kuvunjika, na baruti, ndani ya sanduku la kuwekea vitu, ambayo nilikuwa sijaichanganya kwa makusudi. Jumamosi nafika, nalipa, nakaa, nafungua. Leon yuko sehemu ambayo sijawahi kuifikia. Napiga risasi moja, hesabu haishuki. Napiga kumi, hesabu iko palepale. Mtu kacheza kwenye faili yangu hadi mbele, kasevu juu yake, na tepe zangu zote tatu kazimaliza!

Namuuliza kijana wa mezani, ananiambia mwenye chumba ameweka programu kwenye kompyuta zote ili risasi zisiishe, maana wateja walikuwa wanakasirika wakifa. Nikamsubiri mwenyewe. Alipokuja akaniambia: "Kadogo, batu banakuya huku kufurahi, hapana kuhesabia masasi." Nikamjibu, papa, na mimi ni mtu, na mimi nalipa. Akaniacha nimesimama.

Kuna wanaosema amenipa zawadi. Hao ndio wananiumiza zaidi, kwa hiyo ngoja niwaeleze ni nini kimeharibiwa.

Katika kile kituo cha polisi, zombi haanguki kwa risasi moja ya kichwa. Kwa Hardcore unaweza kumpa saba, nane, akalala, ukampita, akainuka nyuma yako. Ukiamua kuwaua wote, risasi zitakwisha hata hujavuka ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo kila unapomwona mmoja unajiuliza: hii korido nitaipita tena? Kama naipita mara moja tu, nampiga gotini, anaanguka, nakimbia. Kama ndiyo njia yangu ya kila siku kwenda kwenye sanduku, hapo inafaa kumalizana naye kabisa, hata kwa risasi nane. Kuna mbao za kuziba madirisha, chache, hazitoshi madirisha yote, kwa hiyo unachagua dirisha lipi liachwe wazi na unakubali watakaoingia. Wale Licker, mazimwi ya ulimi mrefu, hawaoni, wanasikia tu. Kuwapita bei yake ni kutembea polepole, risasi sifuri, roho mkononi. Na yule jitu mwenye kofia anayekufuata chumba kwa chumba, bastola haimuui. Unachomfyatulia ni kumfanya apige goti kidogo upate kukimbia, basi.

Baruti sasa. Mbili za kawaida ukizichanganya unapata risasi za bastola. Ya kawaida na ile ya njano unapata za shotgani. Ndiyo maana nilikuwa sijaichanganya! Nilikuwa nangoja kujua mbele yangu kuna nini. Mama yangu, makala yakiwa kidogo, hayamwagi yote kwenye babula, jiko letu, asubuhi kwa ajili ya chai. Anauliza kwanza kama leo tunapika maharage, kwa sababu maharage yanakula makala. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa naifanya wiki tano, na mtu kaifuta kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Risasi zikiwa haziishi, mbao ni za nini? Kisu ni cha nini? Kwa nini nitembee polepole mbele ya Licker? Nilimwangalia mteja mmoja akicheza baada ya pale. Alisimama katikati ya korido, akabana kitufe, akafyatua hadi kila kitu kikalala, akaenda mlango unaofuata. Baada ya dakika ishirini akasema gemu haina ladha, akaomba gemu ya mpira.

Wanaonung'unika kwamba gemu fulani "inanyima risasi" mara nyingi hawajaisikiliza gemu inawaambia nini. Mwaka 2020 ilipotoka Doom Eternal, gemu ya kuua mashetani kwa bunduki, makelele yalikuwa hayohayo. Ni kweli, unaanza na nafasi ya risasi 16 tu za shotgani, na ile ya mitutu miwili inakula mbili kila ukifyatua, yaani mara nane umekauka. Doom ya 1993 ilikuacha ubebe 50, na mkoba ukiupata zinafika 100. Lakini hii mpya imekupa msumeno wa injini: mkate shetani mdogo, zinamwagika risasi za kila aina, na mafuta ya mkato mmoja yanarudi yenyewe ukisubiri kidogo. Uhaba umewekwa pale ili ubadilishe silaha na umsogelee adui, usikae pembeni na bunduki moja unayoipenda. Asiyetumia msumeno atalia hadi kesho.

Metro 2033, gemu ya watu wanaoishi kwenye mahandaki ya treni baada ya vita, ndiyo ilinifundisha mimi kuheshimu risasi. Niliicheza kwa binamu yangu, mtaa wa Bel-Air. Kule risasi nzuri za jeshi, za kabla ya vita, ndizo pesa. Unanunulia dawa, unanunulia silaha. Ukibanwa unaweza kuzipakia kwenye bunduki, na zinaua vizuri kuliko zile chafu za kutengenezwa kwenye mahandaki, lakini kila ukifyatua unasikia mfuko unapungua. Weka risasi zisizoisha pale uone kitabaki nini.

Sisemi mtu abane hadi afe nazo. Hilo nalo ni kosa, na nimelifanya: kufa mbele ya adui mkubwa na shotgani imejaa kwa sababu nilikuwa naiwekea kesho.

Na nyie wa simu, wa PUBG Mobile, ile gemu ya kupigana kwa bunduki na wenzako, msidhani nimewasahau. Una bunduki ya M416 mkononi, inakula risasi za 5.56, halafu unabeba risasi 180 za 7.62, na mwenzako mwenye AKM, bunduki inayozila hizo, yuko kando yako anaomba kwenye maikrofoni. Unazipeleka wapi?

Najua atakuja wa kuniandikia kwamba mashariki ya Kongo watu wanakufa kwa risasi za kweli na mimi nalilia za kompyuta. Nina ndugu Goma. Tunapiga simu, wakati mwingine haiiti, na usiku ule hakuna anayelala nyumbani. Sihitaji kufundishwa tofauti.

Ninachotaka ni kidogo. Programu ile ibaki kwenye kompyuta tatu kama wateja wanaitaka, moja iachwe kama gemu ilivyotengenezwa. Faili ya mtu isiguswe, iandikwe jina lake. Na saa zangu kumi nilizolipa nirudishiwe, hata kwa kucheza si lazima faranga. Jumatano narudi kumwambia hivyohivyo usoni.

Akikataa, nani anajua chumba kingine, Katuba, Kamalondo, hata Ruashi nitakwenda kwa miguu, ambako Resident Evil 2 iko safi na ukisevu mtu hagusi? Niandikieni bei ya saa na kama wana jenereta.