Umeme wa makaa ya mawe Mchuchuma: bado tunauhitaji?

Wadau, mwaka 2011 NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa hapa Tanzania, iliingia ubia na Sichuan Hongda ya China: makaa ya mawe ya Mchuchuma, Ludewa, yaendeshe mtambo wa megawati 600, na jirani pale Liganga tuchimbe chuma. Hadi leo wanaoutaka mtambo huo wanasema mali imelala chini na nchi ina kiu ya umeme, tunangoja nini?

Mwaka ule tulikuwa kwenye mgao mkali, hoja ilikuwa na mashiko. Sasa bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, megawati 2,115. Anayetaka tuchome makaa aje na sababu mpya.

Najua jibu: mvua zikikata je? Ni kweli, bwawa la Mtera tumeliona likikauka. Lakini tunayo gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo kwa umeme uleule hutoa takribani nusu ya hewa ukaa ya makaa.

Na tujue tunachotaka kuchoma. Ni mimea ya kinamasi iliyoanguka kwenye maji yasiyo na hewa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikashindwa kuoza ikaisha. Tope na mchanga vikailalia, uzito na joto vikaikamua maji, kaboni ikabaki. Kaboni hiyo ikiungua inachukua oksijeni hewani, ndiyo maana tani moja ya makaa hutoa takribani tani mbili za hewa ukaa.

Uchimbaji wenyewe tunao Ngaka, Mbinga. Udongo na miamba ya juu inaondolewa kwa baruti na mitambo hadi tabaka jeusi litokee, kisha malori yanashika barabara ya Songea hadi bandari ya Mtwara. Turubai likilegea, anayekula vumbi ni mwenye kibanda cha barabarani.

Chuma cha Liganga ni habari nyingine. Kwenye tanuru kaboni ndiyo inayolipokonya jiwe la chuma oksijeni yake, na sisi nondo tunazihitaji. Kwa kazi hiyo nakubali tuchimbe, kwa kiasi cha tanuru.

Mnaotetea mtambo wa umeme, naomba mnijibu hili kwanza: majivu yake yatamwagwa wapi, wakati mto Ruhuhu wa huko huko Ludewa unaingia Ziwa Nyasa, na watu wa kule wanakunywa na kuvua humo humo?