Tiki-tiki upande mmoja wa V8 kuukuu: tapeti au eksozi inavuja?

PikapuV8: Habari wakuu. Pikapu ya petroli, V8 ya pushirodi (fito zinazosukuma vali), hedi za alumini, manifoldi za eksozi za chuma, imeshapita kilomita 280,000. Asubuhi ikiwashwa inagonga tiki-tiki upande wa kulia, na ukikanyaga mafuta mdundo unaongezeka kasi. Ikipata moto sauti inafifia, lakini mlimani inarudi. Taa ya injini inawaka, kodi ni P0174 peke yake (petroli kidogo kuliko hewa, benki ya 2, yaani safu moja ya silinda). Oili iko kwenye kipimo. Fundi anasema tapeti (vipande vinavyosukuma pushirodi) zote 16 zibadilishwe. Kabla ya kufungua injini, nithibitishe vipi?

Spana13: Tapeti usinunue kwanza, mkuu. Sauti inayofifia injini ikipata moto na kurudi ikibeba mzigo ni tabia ya eksozi. Chuma kikipata joto kinatanuka na kubana ule mwanya. Mlimani shinikizo ndani ya silinda linapanda, gesi inajipenyeza upya. Tapeti haina habari na mlima. Yenyewe inafuata presha ya oili: hulia baada ya kuwasha hadi oili ifike, au hulia oili ikishakuwa nyepesi kwa joto.

Usidanganywe na ule usemi kwamba kinachogonga nusu ya mwendo wa injini lazima kiwe tapeti. Vali ya eksozi ya silinda moja hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo mvujo wa silinda moja nao unagonga nusu vilevile. Mdundo hautakusaidia hapo.

Injini ikiwa ya baridi, chukua tochi na kioo kidogo, kagua boliti za manifoldi, hasa za mwanzo na mwisho. Manifoldi ndefu ikitanuka na kusinyaa, ncha ndizo zinazosogea zaidi, na boliti ya nyuma karibu na kabini hukatika kichwa kikadondoka bila mtu kujua. Tafuta pia masizi kwenye mstari wa gasketi. Halafu washa ikiwa bado ya baridi, shika bomba la mpira la mita moja, ncha moja karibu na sikio (usiizibe sikioni), nyingine uipitishe taratibu kwenye kila tundu la manifoldi. Bisibisi ndefu iache kwa ajili ya kava ya vali, kwa sababu inabeba mtetemo wa kila kitu, wakati mpira unakuletea sauti ya hewa. Jihadhari na feni na mkanda, na fanyia kazi hii nje.

HediMbili: Ongeza na jaribio la kuzima silinda moja moja. Chomoa soketi ya injekta badala ya waya wa plagi, maana petroli isiyoungua ikienda kwenye katalisti (kisafisha moshi) inaiunguza. Silinda isipowaka, gesi inatoka bila nguvu. Tiki ikififia, mvujo uko hapo. Tapeti itaendelea kugonga kama kawaida. Injekta nayo ina kitiki chake chepesi kinachokatika ukiichomoa, usichanganye. Plagi iliyolegea hujifanya eksozi vizuri sana, kwa hiyo ikaze kwanza. Waya wa plagi unaorusha cheche utauona gizani.

Kodi yako inaendana na hayo, ila si ushahidi kamili. Kati ya pigo na pigo shinikizo kwenye bomba hushuka chini ya la nje, hewa inavutwa ndani, sensa ya oksijeni inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli bure. Hewa inayoingilia upande wa inteki (njia ya hewa kuingia injini) inaleta kodi hiyohiyo. Na hakikisha benki ya 2 ya injini yako ndiyo ya kulia, kwani watengenezaji hawafanani.

PikapuV8: Benki ya 2 ndiyo ya kulia. Boliti ya nyuma kabisa haina kichwa, masizi yapo kwenye silinda ya 8, na nikichomoa injekta yake sauti inakufa. Naweza kukaza zilizobaki tu?

Spana13: Hapana, utakata nyingine. Manifoldi huenda imeshapinda, na boliti hazitainyoosha.

Mwagia oili ya kutoboa kutu, iache usiku kucha. Kisiki cha boliti kikiwa kimechomoza, chomelea nati juu yake, na ifungue ikiwa bado na joto. Lile joto ndilo linalovunja kutu, kuliko nguvu za mkono. Kikiwa kimekatika usawa na hedi, piga alama katikati kabisa na utoboe kwa biti inayokata ikizunguka kushoto, mara nyingi hutoka nayo. Biti ikiyumba itakula alumini, kwa kuwa ni laini kuliko boliti. Kifaa cha kung'olea kisiki usikilazimishe: kikikatikia ndani, hakuna biti ya kawaida itakayokitoboa.

Ikitoka, safisha nyuzi kwa tapu, boliti ikiwa M8 mara nyingi ni M8×1.25. Weka rula ya chuma na fila geji (vibapa vya kupimia mwanya) kwenye uso wa manifoldi. Mwanya ukizidi kipimo cha kitabu, ipeleke ikasagwe. Gasketi mpya iingie kavu, bila silikoni. Kaza kuanzia katikati kuelekea ncha kwa hatua mbili, mfano Nm 15 kisha 25, ila namba za kitabu cha injini yako ndizo za kufuata. Baadhi ya injini zina matundu yanayofika kwenye maji. Hapo nyuzi zipakwe silanti.

HediMbili: Kabla ya kuwasha, puliza hewa kwenye bomba la nyuma kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa, nyunyizia maungio maji ya sabuni, utafute mapovu. Hadi hapo usitembee na vioo vimefungwa: mvujo wa nyuma uko jirani na tundu la hewa ya kabini, na kaboni monoksidi haina harufu. Ukimaliza futa kodi, soma fyueli trimu (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) ya benki ya 2. Ikibaki juu ya +10% injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta na kushuka ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inaingilia inteki pia.