Tuzo za ujasiri michezoni ni kiki: wanasubiri hatari ipite ndipo walete kikombe

Wakuu habari zenu.

Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu nimechoka kunyamaza. Kila ikifika Julai, vipande vya video vya tuzo za michezo za ESPY za Marekani vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukumbi mzima umesimama, watu wamependeza, muziki wa kuliza unapigwa, halafu tunaambiwa tumeshuhudia ujasiri. Mimi nasema sehemu kubwa ya tunachokiona pale ni kiki. Nitataja majina na miaka, ili atakayenipinga naye aje na majina na miaka.

Naanza na 2017.

Agosti 21, 2016, marathoni ya Olimpiki kule Rio. Wakenya walikuwa wanamshangilia Eliud Kipchoge, dhahabu ameshaichukua. Nyuma yake akaja Muethiopia Feyisa Lilesa, na alipokaribia mstari akainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, ishara ya waandamanaji wa jimbo la Oromia ambao wakati ule walikuwa wanauawa na vyombo vya dola nchini kwake. Baada ya mbio akawaambia waandishi kwamba akirudi nyumbani anaweza kuuawa au kufungwa. Hakurudi. Mke na watoto walikuwa bado Ethiopia. Mtu ametoka kushinda medali ya fedha ya Olimpiki na hana pa kwenda!

Siku chache baadaye, kule Marekani, watu wakagundua kwamba Colin Kaepernick wa San Francisco 49ers, timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hasimami wimbo wa taifa unapopigwa. Mwanzo alikuwa anakaa, baadaye akawa anapiga goti, akipinga ukatili wa polisi kwa watu weusi. Msimu ulipoisha akawa mchezaji huru, na hakuna timu iliyomsajili. Hajacheza tena mechi ya NFL mpaka leo.

Julai 2017 ikafika. Lilesa yuko uhamishoni, hapohapo Marekani. Kaepernick hana timu. Tuzo ya Ujasiri ya Arthur Ashe, mojawapo ya tuzo za ESPY, ikatolewa kwa Eunice Kennedy Shriver, mwanzilishi wa Special Olympics, aliyefariki mwaka 2009.

Tuelewane. Mama yule alifanya kazi kubwa. Tangu 1968 watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wanafichwa ndani wamepata viwanja na medali kwa juhudi zake. Anastahili heshima yote. Ninachouliza ni hiki: katika mwaka ule, wenye wanaume wawili waliopoteza kila kitu mbele ya macho ya dunia, kwa nini kamati ilimwendea marehemu wa miaka minane, dada wa Rais Kennedy, ambaye hakuna mtu yeyote duniani angeandika barua ya kulalamika akitajwa?

Jibu langu ni pesa, na siombi radhi kulisema. ESPY ni mali ya ESPN, televisheni ya michezo. Wakati ule ESPN ilikuwa inailipa NFL takriban dola bilioni 1.9 kwa mwaka ili kuonyesha mechi za Jumatatu usiku. Umlipe mtu fedha za namna hiyo, halafu umpandishe jukwaani mchezaji ambaye timu zake zote zimemkaushia? Wangethubutu? Hawakuthubutu. Ikafika 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, mtu mweusi, na dunia nzima kuingia barabarani, goti lile likageuka fasheni, kampuni zikawa zinashindana kutoa matamko. Julai ya mwaka huo Disney, wenye ESPN, wakasaini na Kaepernick mkataba wa kutengeneza vipindi. Mtu yuleyule, goti lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa analipa.

Na huu ni mtindo wa zamani. Muhammad Ali alikataa kwenda Vietnam mwaka 1967, akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana katika umri ambao bondia ndio anakuwa moto. Tuzo hii akapewa 1997. Miaka thelathini! Wakati huo alikuwa ameshawasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, ameshakuwa babu wa kila mtu, hata waliomtukana wanadai walikuwa upande wake. Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi Mexico City Oktoba 1968, wakatimuliwa kwenye michezo, wakarudi kwao kukuta vitisho na njaa. Tuzo: 2008. Miaka arobaini. Mwenzao wa tatu pale jukwaani, Mwaustralia Peter Norman, alivaa beji ya kuwaunga mkono na hakupelekwa tena Olimpiki. Alifariki 2006, Smith na Carlos ndio waliobeba jeneza lake.

Mtaniambia ESPY zenyewe zilianza 1993, wasingeweza kumpa Ali tuzo mwaka 1967. Sawa. Lakini mwaka 1996 Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver Nuggets alikataa kusimama wimbo wa taifa kwa imani yake, NBA ikamfungia, na mkataba ulipokwisha milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Tuzo zilikuwepo. Kamera zilikuwepo. Mwaka uliofuata wakamtunuku Ali kwa msimamo wake wa 1967, huku kijana aliyekuwa anafanya jambo la aina ileile mbele yao hawamuoni. Hapa ndipo damu inanichemka kabisa.

Sasa mjiulize tuzo hii imebeba jina la nani. Arthur Ashe, bingwa wa US Open 1968 na Wimbledon 1975, mtu mweusi aliyenyimwa viza na makaburu wa Afrika Kusini na akaendelea kubisha hodi mpaka wakamruhusu kucheza 1973, na ambaye 1985 alikamatwa akiandamana nje ya ubalozi wao Washington. Alipata virusi vya UKIMWI kwa kuongezewa damu baada ya upasuaji wa moyo. Alikaa na siri hiyo na familia yake na marafiki wachache. Mwaka 1992 gazeti likamjia, likataka kuthibitisha habari. Akaona heri aseme mwenyewe kabla hajasemewa. Aliitisha mkutano na waandishi Aprili 8, na alipofika pa kumtaja binti yake sauti ikamkatika, mkewe Jeanne ikabidi aendelee kusoma badala yake. Alisema wazi kwamba hakutaka kutangaza, amelazimishwa. Na hata baada ya hapo, Septemba 1992, akiwa mgonjwa, alikwenda kuandamana nje ya Ikulu ya Marekani kutetea wakimbizi wa Haiti, akakamatwa tena. Alifariki Februari 6, 1993.

Mtu ambaye maisha yake ya mwisho yalivamiwa na vyombo vya habari ndiye ambaye jina lake linabeba tuzo ya chombo cha habari. Mwezi mmoja haujapita tangu azikwe, tuzo ya kwanza ikatolewa. Kama unatumia jina la Ashe, basi uwe na kipimo cha Ashe: alikamatwa akiwa anajua atakamatwa.

Nitakuwa mwongo nisipowapa haki yao kwa usiku ule wa kwanza. Aliyepewa ni Jim Valvano, kocha wa mpira wa kikapu aliyeipa North Carolina State ubingwa wa vyuo 1983. Mwili umejaa saratani, anasaidiwa kupanda ngazi. Akiwa katikati ya hotuba, skrini ikaanza kumwonyesha kwamba zimebaki sekunde 30. Akawaambia wazi mbele ya ukumbi kwamba ana uvimbe mwili mzima, hawezi kuhangaika na mtu wa nyuma anayemhesabia sekunde. Akaendelea. Usiku uleule akatangaza mfuko wa utafiti wa saratani, na mfuko huo mpaka leo umekusanya mamia ya mamilioni ya dola. Hakumaliza hata miezi miwili, akafariki Aprili 28. Pale televisheni ilimtumikia mgonjwa. Sijawahi kusema kamera ni dhambi. Nasema usiku ule mshindi aliikatalia saa ya televisheni, na tangu hapo saa ya televisheni ndiyo inayochagua washindi.

Mfano ni 2015. Hapa naomba tuheshimiane, maana najua mada hii inavyowavuta watu kwenye matusi. Caitlyn Jenner, bingwa wa dekathloni wa Olimpiki ya Montreal 1976, alijitangaza kuwa ni mwanamke aliyebadili jinsia katika mahojiano makubwa ya ABC mwezi Aprili. Maisha yake ni yake, na najua wapo watu wa hali hiyo wanaouawa mitaani, kwa hiyo siwezi kusema kujitangaza hakuhitaji moyo. Wanaotumia uzi huu kumtukana waende kwingine. Hasira yangu iko kwa waandaaji. Tuzo ilitangazwa Juni 1, siku ileile picha yake ya jalada la Vanity Fair ilipotoka. Mwaka huohuo sherehe ikahamishwa kutoka ESPN kwenda ABC, kituo kilichofanya yale mahojiano, vyote vya Disney. Sherehe ikafanyika Julai 15, na Julai 26 kipindi chake cha maisha halisi kikaanza kwenye E!. Watazamaji wakapita milioni 7, wakati mwaka uliotangulia walikuwa milioni mbili na kitu. Ni kweli ABC inaingia kila nyumba kule na ESPN ni ya kulipia, hiyo peke yake inapandisha namba. Lakini ratiba ile ni kampeni ya mauzo, ilipangwa siku kwa siku, na jina la Ashe likawekwa katikati yake.

Mwaka uleule kulikuwa na Lauren Hill, binti wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Mount St. Joseph, mwenye saratani ya ubongo isiyotibika. Mechi yake ya kwanza ya kikapu chuoni iliwahishwa, Novemba 2014, ili aicheze akiwa hai, na watu zaidi ya elfu kumi wakajaza ukumbi. Alisaidia kuchangisha zaidi ya dola milioni moja kwa ajili ya utafiti kabla ya kufariki Aprili 2015. ESPY walimpa tuzo ya tukio bora la mwaka, wazazi wake wakaipokea. Tukio bora! Kama vile goli la dakika ya tisini.

Ya 2024 nitaipitia haraka. Tuzo ya Pat Tillman, nyingine ya ESPY, yenye jina la mchezaji wa NFL wa Arizona Cardinals aliyeacha mamilioni ya dola akaenda jeshini na kuuawa Afghanistan 2004 kwa risasi za wenzake, ilipewa Prince Harry kwa ajili ya Invictus Games. Michezo ile ya wanajeshi majeruhi ni kitu kizuri. Lakini mama mzazi wa Tillman, Mary, alilalamika hadharani kwamba wapo wanaostahili zaidi ambao hawana pesa wala watu wa kuwabeba. Mama wa mwenye jina la tuzo analalamika, na sherehe ikaendelea kama ilivyopangwa. Harry mwenyewe angalau alimtaja kwa heshima akiwa jukwaani. Waandaaji walikuwa na jina la kuvuta macho, wakatosheka.

Najua mtaniletea Michael Sam, aliyepewa Tuzo ya Ashe 2014, kama miezi miwili tu baada ya kuchaguliwa na timu ya NFL akiwa shoga aliyejitangaza. Kweli, yule walimwahi. Agosti timu ikamwacha, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa NFL. Mtaniletea Vitali Klitschko, 2022, bondia wa zamani na meya wa Kyiv, Ukraine, huku mabomu ya Urusi yanaanguka. Nakubali, yule alikuwa hatarini kweli. Ila adui yake alikuwa mbali, na hakuna mdhamini wa Marekani ambaye angeona haya. George Weah 2004, aliyeigharamia timu ya taifa ya Liberia kutoka mfukoni mwake, huyo nawapigia makofi bila masharti.

Lakini tazameni wanaogusa wenye mchezo. Maya Moore aliacha WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake, 2019 akiwa kileleni ili kumtetea Jonathan Irons, aliyefungwa kwa kosa ambalo si lake. Tuzo ikaja 2021, Irons ameshatoka gerezani. Timu ya wanawake ya soka ya Marekani iliishtaki shirikisho lake 2019 kudai malipo sawa. Tuzo ikaja 2023, kesi imeshamalizwa kwa makubaliano. Wanawake walionyanyaswa kingono na Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, walianza kusema hadharani 2016, na zaidi ya 140 wakapanda jukwaani 2018, miezi sita baada ya hukumu kutolewa. Siwalaumu washindi hata chembe. Nawalaumu waliokaa pembeni wakisubiri matokeo.

Na sisi Watanzania tuna wetu wa kupimia. Oktoba 20, 1968, siku nne tu baada ya ngumi za Smith na Carlos, John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni, aliingia uwanja uleule wa Mexico City akichechemea, goti limefungwa bendeji baada ya kuanguka njiani, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde aliyeshinda. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hakukuwa na zulia jekundu wala mdhamini. Kamera iliyomnasa ilimkuta akiwa tayari anakimbia.

Kwa hiyo anayebisha aniletee jina moja tu: mwanamichezo aliyegombana na ligi yake, au shirikisho lake, au serikali ya Marekani, akapewa Tuzo ya Arthur Ashe akiwa bado amefungiwa au hana timu kwa sababu ya ugomvi huo. Orodha ya kuanzia 1993 iko wazi kwa kila mtu. Lete jina, mwaka, na alichokuwa amepoteza siku hiyo.