Chati ya dinosaria: mtoto kauliza kama kuku ni dinosaria, nimjibuje?

Ticha_LaTano: Wakuu habari za jioni, naomba msaada. Nimenunua chati ya ukutani ya mageuzi ya dinosaria kwa ajili ya darasa langu la tano, picha za rangi, ina plastiki juu haichaniki. Sasa chini kabisa kuna mnyama ana kitu kama tanga mgongoni kaandikwa Dimetrodon, mshale unapanda mpaka kwa wale wenye shingo ndefu, halafu juu pembeni wamechora kuku. Leo mtoto kanyoosha mkono, "mwalimu, kwa hiyo kuku ni dinosaria?" Darasa zima kimya wananiangalia, nikasema nitawajibu kesho. Chati iko sahihi kweli?

Mama Mifupa: Ticha, kuku yuko sahihi kabisa. Ndege wametokana na dinosaria wadogo wa kutembea kwa miguu miwili, kundi moja na T. rex. Chukua mguu wa kuku uende nao darasani waone yale magamba na vidole vitatu vya mbele, na kale kamfupa ka panda kifuani T. rex naye alikuwa nako. Kilichokosewa ni huyo wa tanga, Dimetrodon sio dinosaria, alishatoweka mamilioni ya miaka kabla yao na ukoo wake uko karibu na sisi mamalia kuliko wao. Huo mshale uzibe.

mtu_wa_lindi: Naomba niulize, mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa shingo ndefu aliyechimbwa huku Lindi, yumo? Maana inaniuma sana watoto wa hapa wanajua majina ya Marekani tu. Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200, wazee wetu wakaibeba kichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake waandike kwenye daftari. Leo mjusi kasimama Berlin, kimo mita 13.27. Kama chati imeandika Brachiosaurus brancai, siku hizi anaitwa Giraffatitan.

Mama Mifupa: Umenena kaka. Tena ongeza Nyasasaurus, mifupa yake imetoka bonde la Ruhuhu huko Songea, ana kama miaka milioni 243, ni dinosaria wa kwanza anayejulikana au ndugu yao wa karibu sana. Na kuna Mnyamawamtuka wa kule Rukwa, kapewa jina 2019, mfupa mmoja wa mkia una umbo la moyo ndio maana jina la pili ni moyowamkia, watoto watalisoma wenyewe bila kung'ata ulimi.

Ticha_LaTano: Asanteni sana dada na kaka. Mjusi wa Lindi hayumo, nimeangalia mara mbili. Nakata manila usiku huu nimchore nimbandike pale palipokuwa na ule mshale, na kesho natoka nao uwanjani na kamba tupime hizo mita 13.27. Mguu wa kuku nitapata kwa mama wa supu hapo getini.